Kemia ya Mitishamba Inayotumika Dhidi ya Malaria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutokana na yale ambayo wagonjwa, wanafunzi wa kemia na jamaa za waganga wa tiba asili huyauliza tena na tena. Majibu yake yanahusu kilichomo ndani ya jani, gome au mzizi, kinachofanywa na kitu hicho kwa kimelea cha malaria, na sababu za kikombe cha dawa ya kuchemsha kutokuwa sawa na kidonge cha duka la dawa, hata pale vyote viwili vinapotoka katika mmea uleule. Mwenye homa leo asitafute tiba katika ukurasa huu. Aende kituo cha afya, achomwe kidole, apimwe, kisha arudi kusoma akiwa amepona.

Je, ni kweli kwamba dawa za malaria zinazotolewa hospitalini zilitokana na mimea?

Zile kubwa mbili, ndiyo. Kwinini ilitoka katika magome ya miti ya jamii ya Cinchona, inayoota kwenye miteremko ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na mwaka 1820 wanakemia wawili Wafaransa, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou, walifanikiwa kuitenga ikiwa kiambata kimoja safi. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walimeza unga wa gome kwa muda wa karibu miaka 200 bila kujua ni kitu gani hasa kilichowaponya, wala kwa nini gome la mzigo huu liliponya na la mzigo ule likashindwa. Artemisinini ilitengwa nchini China mwaka 1972 kutoka katika Artemisia annua, mmea wa msimu mmoja ulio jamaa ya pakanga, ile ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua kwa uchungu wake. Dawa mseto tunayoandikiwa leo, yaani ALu, ina artemetha, ambayo ni artemisinini iliyobadilishwa kidogo katika maabara, pamoja na lumefantrini. Sindano ya artesuneti anayochomwa mtoto mwenye malaria kali ni ya ukoo huohuo. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba vifo vya watoto waliotibiwa kwa artesuneti vilikuwa pungufu kwa asilimia 22.5 vikilinganishwa na vya waliotibiwa kwa kwinini.

Klorokwini haikutoka mtini moja kwa moja, kwa kuwa iliundwa Ujerumani mwaka 1934, lakini ndani yake mna kiini cha kwinolini kama kilichomo katika kwinini.

Historia hii imepita pia kwetu. Wajerumani walipanda mikwinini Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza zilipoifunga pwani, kituo cha utafiti cha Amani kilitengeneza kwinini kwa ajili ya jeshi la jemadari wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck. Askari walipewa pia maji yaliyochemshwa kwa magome ya mti huo, machungu kiasi kwamba waliyabandika jina la utani la "Lettow-Schnaps", kana kwamba ni pombe ya jemadari wao. Katika Kivu ya Kusini nako, mashamba ya mikwinini yalianzishwa enzi za Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa kikitoa kwinini kutoka katika magome yaliyovunwa hukohuko.

Kwa nini mti uwe na dawa ya ugonjwa ambao wenyewe hauugui?

Kwa sababu mti haukuitengeneza dawa hiyo kwa ajili yetu. Mti hauwezi kukimbia mbuzi, kiwavi wala kuvu, na kwa hiyo hujikinga kwa kutengeneza vitu vichungu, vikali au vyenye sumu. Mfano mzuri ni msokonoi, Warburgia ugandensis, ambao Wamasai huuita osokonoi. Ukitafuna kipande cha gome lake, ulimi huwaka kama umekula pilipili, na moto huo haupoi haraka kwa maji. Viambata vinavyowasha hivyo, vikiwemo polygodiali, warbuganali na muzigadiali, vilichunguzwa katika miaka ya 1970 kwa sababu viliwafanya viwavijeshi waache kula majani yaliyopakwa. Kitu kinachomshinda kiwavi huenda kikamshinda na kimelea, lakini neno "huenda" hapo lina uzito wake, kwa maana kitu hichohicho chaweza pia kuliumiza ini la binadamu.

Je, uchungu ndio dalili ya dawa ya malaria?

Hapana, ingawa imani hii imejengwa juu ya jambo la kweli. Kwinini ni chungu, klorokwini ilikuwa chungu kiasi kwamba watoto waliitema, na kizazi kizima kilikua kikijua kwamba dawa ya malaria lazima ikunje uso. Ndiyo maana katika sehemu nyingi jina "mkwinini" limebandikwa kwenye miti ambayo haina hata chembe ya kwinini, kwa sababu tu gome lake ni chungu. Ulimi wetu hutambua kwamba kuna kitu ambacho mwili unakishuku, na hauna namna ya kutambua kwamba kitu hicho kinaua kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum.

Viambata hivi humuua kimelea kwa njia gani?

Hapa panahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndipo penye siri ya dawa karibu zote kubwa za malaria.

Kimelea huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuanza kula hemoglobini iliyomo. Hemoglobini inapovunjwa, hubaki kitu kiitwacho heme, chenye chuma katikati yake, na heme iliyo huru ni sumu kwa kimelea chenyewe. Kimelea hujiokoa kwa kuigandisha iwe fuwele zisizo na madhara. Mtaalamu wa maabara anayetazama damu ya mgonjwa kwa hadubini huziona fuwele hizo kama punje za rangi ya kahawia ndani ya vimelea vilivyokomaa. Ni taka za jikoni mwa kimelea, zimekusanywa mahali pamoja. Kwinini na klorokwini hufanya kazi hapo hapo jikoni: hujishikiza kwenye heme na kuizuia isigande, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe.

Artemisinini hutumia heme hiyohiyo kwa namna tofauti. Molekuli yake ina atomu 15 za kaboni, 22 za hidrojeni na 5 za oksijeni, na katika hizo 5 kuna mbili zilizoungana zenyewe kwa zenyewe na kufanya daraja. Muungano wa oksijeni kwa oksijeni ni dhaifu. Chuma cha heme kinapoligusa daraja hilo, hukatika, na vipande vinavyobaki hushambulia protini za kimelea kila upande. Wanakemia wakiliondoa daraja hilo kwa kutoa oksijeni moja tu, nguvu ya dawa hupotea, ingawa sehemu nyingine zote za molekuli zimebaki kama zilivyokuwa. Chembe za damu zisizo na kimelea hazina heme iliyoachwa huru kwa wingi namna hiyo, na ndiyo sababu mojawapo ya dawa hii kumwumiza kimelea kuliko mgonjwa.

Mwarobaini una nini ndani yake, na je, unatibu malaria?

Mwarobaini, unaoitwa pia mkilifi, uliletwa kutoka Bara Hindi, na jina lake la Kiswahili limeahidi mengi: magonjwa arobaini. Uchungu wa majani, magome na mbegu zake hutokana hasa na viambata vya kundi la limonoidi. Azadiraktini hupatikana kwa wingi katika mbegu, nimbolidi katika majani, na pamoja nazo kuna geduni na nyingine nyingi. Kila kimoja kina tabia yake, na kosa linalofanyika mara nyingi ni kuchukua sifa ya kimoja na kuupa mti mzima.

Nimbolidi na geduni, zikitiwa katika damu yenye vimelea iliyowekwa chupani, huzuia vimelea kukua. Azadiraktini inajulikana zaidi kwa jambo jingine lenye kuvutia, nalo ni kuzuia mbegu za kiume za kimelea zisikomae ndani ya tumbo la mbu, yaani hukata njia ya ugonjwa kwenda kwa mtu wa pili bila kumponya huyu wa kwanza. Geduni nayo, pamoja na sifa zake zote za chupani, ilipojaribiwa kwa panya wenye malaria haikuonyesha nguvu iliyotarajiwa, kwa kuwa ini huivunja mapema.

Kwa hiyo jibu la moja kwa moja ni kwamba mwarobaini una viambata vinavyodhuru vimelea, lakini hakuna kipimo cha majani, iwe konzi wala sufuria, kilichothibitishwa kumponya mtu malaria. Nalisema hili nikiwa mmoja wa waliolelewa kwa mti huo. Bibi yangu alikuwa akichemsha majani yake katika sufuria nyeusi hadi maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, anatufunika blanketi juu ya mvuke, kisha anatupa kikombe kimoja kila mmoja, mkubwa na mdogo sawasawa. Kikombe hicho cha usawa ndicho kinachonitia wasiwasi leo, kwa kuwa mtoto wa kilo 12 na kijana wa kilo 50 hawawezi kupewa kiasi kimoja cha dawa yoyote.

Lakini watu wengi walikunywa na wakapata nafuu. Je, wote hao walikosea?

Walichokiona walikiona kweli. Tatizo liko katika sababu. Kwanza, si kila homa ni malaria, na homa nyingi za virusi hupoa zenyewe baada ya siku chache, iwe mtu amekunywa mwarobaini au maji matupu. Pili, homa ya malaria yenyewe hupanda na kushuka. Vimelea vya falciparum hukomaa na kupasua chembe za damu kila baada ya takriban saa 48, kwa hiyo mgonjwa aliyetetemeka jana usiku anaweza kuamka leo akiwa mwepesi kabisa, na sifa ikaenda kwa kikombe alichokunywa katikati. Tatu, mtu mzima aliyekulia Muheza, Kilifi au Kigoma ameumwa na mbu wenye malaria mara nyingi sana tangu utotoni, na mwili wake umejenga kinga ya kiasi inayoweza kupunguza vimelea bila dawa. Mtoto wake wa miaka miwili hana kinga hiyo, wala mjukuu aliyekuja likizo kutoka Ulaya. Kikombe kilichoonekana kumponya babu kinaweza kumpotezea mjukuu siku ambayo ndiyo ingemwokoa.

Nne, na hili halipaswi kusahauliwa, baadhi ya mimea hupunguza homa na maumivu kweli, kwa viambata ambavyo havigusi kimelea hata kidogo.

Ikiwa artemisinini inatoka katika artemisia, kwa nini nisinywe chai ya artemisia badala ya vidonge?

Swali hili huulizwa kuliko yote, hasa katika mikoa ya kaskazini ya Tanzania na sehemu za Kenya na Uganda ambako mmea huu umelimwa kwa ajili ya viwanda, na mche mmoja au miwili ikabaki nyuma ya nyumba.

Tuanze na hesabu. Majani makavu ya Artemisia annua huwa na artemisinini kuanzia karibu asilimia 0.1 hadi kuzidi kidogo asilimia 1, kutegemea mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Gramu 5 za majani dhaifu zina miligramu 5 za artemisinini; gramu 5 za majani bora zina miligramu 50. Kwa macho, kwa harufu na kwa ladha, mkulima hawezi kuzitofautisha. Isitoshe, artemisinini haipendi maji. Huyeyuka vizuri katika mafuta, etha au ethanoli, kwa hiyo sehemu tu ya kilichomo ndiyo inayoingia katika chai, na iliyobaki hutupwa pamoja na makapi. Sasa linganisha na dawa mseto: kidonge kimoja cha kawaida cha ALu kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini, na mtu mzima humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, yaani vidonge 24, vyenye jumla ya miligramu 480 za artemetha na 2,880 za lumefantrini. Kila kidonge ni sawa na mwenzake.

Jambo la pili ni muda. Artemisinini na ndugu zake hupunguza vimelea kwa kasi isiyo na mfano, lakini huondoka katika damu baada ya saa chache tu. Vimelea vichache vinavyosalia huanza kuzaliana upya, na ndiyo maana tukaingia kwenye mseto: lumefantrini hukaa katika damu kwa siku kadhaa na kumaliza mabaki. Chai haina lumefantrini. Katika utafiti uliofanywa Kongo, wagonjwa waliokunywa chai ya artemisia wengi walionekana kupona ndani ya wiki ya kwanza, kisha katika wiki zilizofuata sehemu kubwa yao wakarudiwa na vimelea. Shirika la Afya Duniani (WHO) haliungi mkono matumizi ya artemisia kwa njia ya chai, unga au vidonge vya majani, ama kwa kutibu ama kwa kujikinga.

Kuna wanaojibu kwamba mmea mzima una viambata vingine, kama flavonoidi, vinavyoisaidia artemisinini. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani katika chupa za maabara baadhi ya flavonoidi za mmea huo huiongezea artemisinini nguvu. Hata hivyo msaidizi hawezi kuziba pengo la dozi ambayo haijulikani.

Wachina wa kale waliitumiaje, basi, bila maabara?

Kisa chake ni kizuri, nami hukirudia kila nipatapo nafasi. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, uliopewa jina la 523 kwa sababu ulianza tarehe 23 Mei. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipekua maelfu ya maandishi ya tiba ya jadi. Artemisia ilikuwa imo, lakini walipoichemsha na kuijaribu kwa panya, matokeo yalipanda na kushuka bila mpangilio. Tu Youyou akarudi kwenye maagizo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, yaliyosema kwamba mtu achukue konzi ya mmea huo, auloweke katika maji, aukamue na kunywa maji yake yote. Hapakuwa na moto katika maagizo hayo. Alishuku kwamba joto lilikuwa likiiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto karibu 35 tu, na mnamo Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote katika panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walijijaribia wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2015.

Kwa anayeandika maarifa ya wazee wetu, kisa hiki kina maana ya kikazi kabisa: ukimwuliza mganga, usiishie kwenye jina la mti. Andika kama alitwanga au alichemsha, kwa maji baridi au ya moto, kwa maziwa au kwa mafuta, jani bichi au lililokauka kivulini. Kila neno kati ya hayo ni habari ya kemia.

Je, artemisia ya kienyeji inayoota milimani ni ileile?

Hapana. Hiyo ni Artemisia afra, mmea wa kudumu wenye harufu kali, unaotumika kwa mafua na tumbo. Ni ndugu wa Artemisia annua, lakini haina artemisinini ya kutosha kuhesabika.

Miti mingine ya Afrika Mashariki inayochunguzwa ni ipi?

Ni mingi, nami nitataja ile ambayo kemia yake imeeleweka kiasi. Mjafari, Zanthoxylum chalybeum, hutambulika kwa shina lenye vinundu vikubwa, kila kimoja kikiwa na mwiba juu yake. Ukitafuna gome lake, mdomo huanza kusisimka kisha unakufa ganzi, kazi ya viambata viitwavyo alkamidi. Ndani ya magome na mizizi ya jamii yake kuna viambata vya kundi la alkaloidi, zikiwemo nitidini na keleritrini. Nitidini ilitambuliwa pia na watafiti wa Kenya katika mizizi ya Toddalia asiatica, mmea unaotumiwa na Wapokot kutibu homa, na nguvu yake dhidi ya vimelea chupani ni kubwa. Bahati mbaya, hudhuru pia seli za kawaida.

Ndago, magugu yanayowatoa jasho wakulima wote, nayo imo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Mayunga Nkunya, na wenzao wa Ulaya walipima mimea mingi ya Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na viazi vidogo vya ndago vilikuwa miongoni mwa vilivyoonyesha nguvu. Kundi hilohilo lilitenga uvaretini na viambata vya jamaa yake kutoka katika miti ya jamii ya Uvaria.

Mti wa Vernonia amygdalina, ambao Waganda huuita mululuza na Watongwe mjonso, una kisa cha peke yake. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti wa sokwe Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mtaalamu wa mimea wa Kitongwe, walimwona sokwe jike aliyekuwa mgonjwa akimenya kwa uangalifu shina changa la mjonso, akiacha gome na majani, akinyonya utomvu wa kiini tu. Kesho yake alikuwa amepata nguvu. Wanakemia walipouchunguza mti huo walikuta vernodalini na vernoniosidi, na wakakuta kwamba vernodalini, iliyo na sumu zaidi, imerundikana kwenye majani na gome alilolitupa sokwe. Huyo hakuwa na malaria kwa ushahidi wowote tulio nao, pengine alikuwa na minyoo. Lakini katika suala la kuchagua sehemu ya mti na kuacha nyingine, alikuwa makini kuliko wauzaji wengi wa unga wa majani sokoni.

Tangazo linasema mmea fulani "umethibitishwa maabara kuua vimelea". Kwa nini basi si dawa?

Uliza umethibitishwa wapi: chupani, kwa panya, au kwa watu. Chupani hata sabuni huua vimelea. Ili kiambata kiwe dawa, lazima kistahimili tindikali ya tumbo, kipenye utumbo, kipite kwenye ini bila kuvunjwa chote, kifike katika damu kwa kiasi kinachoua kimelea, kikae humo muda wa kutosha, na kiasi hicho kiwe mbali na kiasi kinachomdhuru mtu. Viambata vingi huanguka katika hatua ya ini au katika hatua hii ya mwisho.

Je, dawa ya asili haina madhara?

Sumu nyingi kali zaidi duniani ni za asili. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwatia watoto wachanga degedege na kuharibu ini na ubongo wao, na wako waliokufa. Asipewe mtoto kwa mdomo hata tone. Mjamzito pia ajiepushe na mwarobaini, kwa kuwa katika wanyama umeonyesha kuharibu mimba. Kwinini yenyewe, ikizidi, huvumisha masikio na kushusha sukari ya damu.

Hatari nyingine ni kukosea mti. Mmelia, Melia azedarach, unafanana sana na mwarobaini na hupandwa kando ya barabara kama mwenzake, lakini matunda yake yana sumu inayoweza kuua. Tazama jani kwa karibu: la mwarobaini lina ukuti mmoja wenye vijani vilivyopangwa pande mbili, ilhali la mmelia limegawanyika tena, ukuti ukitoa vikuti vidogo, kila kikuti kikiwa na vijani vyake.

Naweza kunywa dawa ya miti pamoja na dawa mseto?

Ni bora usifanye hivyo hadi umalize dozi. Lumefantrini huvunjwa na ini kwa vimeng'enya ambavyo baadhi ya mimea huvichochea au huvizuia, na hivyo dawa inaweza kupungua au kuzidi mwilini. Kama umekwisha kunywa, mwambie mhudumu wa afya bila kuona haya. Kinachoisaidia ALu kwa hakika ni chakula chenye mafuta kidogo au glasi ya maziwa, kwa kuwa bila mafuta lumefantrini haifyonzwi vizuri.

Je, vimelea vinaweza kujenga usugu kwa sababu ya matumizi ya majani?

Kimelea hujifunza kuishi na dawa pale kinapokutana nayo ikiwa kidogo, isiyotosha kukiua. Tanzania iliachana na klorokwini mwaka 2001 kwa sababu hiyo ya usugu, ikatumia SP, yaani dawa ya sulfadoksini na pirimetamini, kwa muda, na mwaka 2006 ikaingia kwenye ALu. Sasa mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13, yanayokifanya kimelea kichelewe kufa kwa artemisinini, yamethibitishwa Rwanda, Uganda na katika mkoa wa Kagera. Sisemi kwamba chai ndiyo iliyoyaleta. Nasema tu kwamba chai yenye artemisinini kidogo, inayonywewa kila asubuhi kama kinga na mtu ambaye huenda ana vimelea bila kujua, ni mazingira ambayo usugu hupenda.

Familia yetu ina mti ambao babu aliutumia kutibu homa. Tufanye nini ili upimwe?

Nchini Tanzania ipo Taasisi ya Tiba Asilia katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambayo kazi yake ni utafiti wa aina hii, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosimamia waganga na dawa zao. Kenya nako, KEMRI, yaani taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, ina kituo chake cha utafiti wa tiba asilia. Kabla ya kwenda, kubalianeni kwa maandishi juu ya haki ya familia iwapo kitu kitapatikana, kwa sababu baada ya kiambata kutengwa na kuchapishwa jarida ni vigumu kudai.

Usipeleke unga. Unga hauna jina, na mtaalamu wa mimea hawezi kuutambua. Kata tawi lenye majani, maua na, ikiwezekana, matunda, lipange kati ya kurasa za gazeti kavu, weka matofali juu yake, na ubadilishe gazeti kila siku hadi tawi likauke bila kuota ukungu. Pembeni andika mahali ulipolikata, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua likiwa bichi, kwa kuwa rangi hiyo itapotea, na jina ambalo babu mwenyewe aliuita.